Ngozi Ndani ya Beseni

Selestini aliipika ile karatasi kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angemdanganya ni kitu gani. Alisaga unga wa resini, ile ya kusafishia maji, akauchanganya na plastiki, akaukandamiza kwenye mashine ya moto katika maabara ya mgodi wa madini ya risasi, Mpanda. Mkemia wa Kizungu alitaka kuiweka katikati ya kisanduku cha kutoa umeme kwa hewa mbili bila moto: ipitishe kitu kimoja, izuie kingine. Kwa miezi minane karatasi kumi na tisa zilipasuka. Hii ya ishirini ikakubali kuwasha taa.

Ubaya wake ni kwamba ilifanana na ngozi ya mtu. Ilikuwa ya kahawia, laini, na ikilowekwa ilitanuka hadi kugusa kingo za beseni. Wachimbaji wakasema ni ngozi ya mtu aliyefia mgodini, na lisemwalo lipo; nao wakalisema sana, mpaka likafika kijijini Mamba kwa mama yake Selestini, Kasilda.

Kasilda naye alikuwa na lake. Mwanawe mdogo, Gaspar, alifukiwa na mgodi ule mwezi wa tano, shimo likazibwa bila kumtoa. Hapakuwa na mwili wala kaburi, na tangu siku hiyo mama alilala chini, hali ila uji, matanga hayajaanuliwa. Sasa alikuja maabara kumchukua mwanawe.

Selestini alimweleza yote: unga, plastiki, mashine. Mama alimsikiliza kwa upole anaosikilizwa nao mlevi. Kisha akatoa chupa ya maji ya baraka, yale ambayo padre huyatia chumvi, akayamimina yote ndani ya beseni. Kama ni kitu tu, alisema, maji yatabaki yalivyo.

Wakakaa chini ya bati lililokuwa likialika kwa jua la mchana. Baada ya saa moja mama alichovya kidole, akakilamba.

“Chumvi haimo,” alisema. “Yamekuwa machachu.”

Selestini alichovya karatasi ya kupimia asidi. Ya buluu ikawa nyekundu. Sababu aliijua: karatasi yake hupokea chumvi na kutoa asidi, ndiyo kazi iliyoundiwa. Aliijua, na bado nywele zilimsimama.

“Basi nani humo ndani anayepokea na kurudisha?” mama aliuliza.

Selestini alikasirika, karibu amtoe nje. Kisha akaiona mifupa ya mabega ya mama, jinsi ilivyochongoka.

“Mchukue, mama.”

Mkemia aliambiwa imepasuka. Wakaisafirisha ndani ya kitambaa kibichi hadi Mamba, ndugu wakakusanyika, katekista akasali. Kabla sanda haijafungwa, jua liliipiga ile karatasi. Ikaanza kujikunja polepole, kwa ubavu, mithili ya magoti yanayovutwa kifuani.

“Ndivyo alivyokuwa analala,” mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano akalia.

Selestini alijua kwamba ikikauka hujikunja. Alishika koleo lenye udongo, akasimama nalo mpaka watu wakaanza kumtazama.

“Mfunikeni nyie,” alisema. “Mimi siwezi. Ni mdogo wangu.”