Taa Nyekundu Isiyowaka

Watu wengi huogopa taa nyekundu inapowaka. Kipimo aliogopa kwa sababu ilikuwa haiwaki.

Alikuwa amechuchumaa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, mbele ya kabati la mitambo. Ilikuwa saa nane na nusu mchana na ukumbi ulikuwa umefurika watu mia sita. Wauguzi wapya walikuwa wakipanda jukwaani mmoja mmoja kuchukua vyeti vyao, na kila jina lilipotajwa, kaka yake aliachia muziki wenye besi ya kutikisa mbavu. Kwa kelele ile, taa ya limita ilipaswa kuwa inakonyeza tangu saa saba. Haikukonyeza hata mara moja.

Limita, kwa asiyeijua, ni kizuizi kidogo ndani ya mtambo. Muziki ukizidi kiasi ambacho spika inaweza kustahimili, limita inaubana, na taa yake inawaka kuonyesha kwamba imeubana. Ni mama anayeshika mkono wa mtoto asimalize bakuli la sukari. Bila hiyo, DJ mwenye raha zake anaweza kuiunguza spika ndani kwa ndani huku watu wanacheza na kumshangilia.

Na Ngurumo, kaka yake, alikuwa na raha zake kweli. Miaka kumi na moja walifanya kazi pamoja, na miaka kumi na moja waligombana kwa jambo hilo hilo.

"Unaiziba spika mdomo, wewe," Ngurumo humwambia.

"Naiziba leo ili kesho iweze kusema," dada mtu humjibu.

Mwisho walikubaliana, kwa namna ya ndugu waliochoka kugombana: dada ndiye atakayepanga limita, kisha ataifunga kwa namba ya siri ambayo kaka haijui. Jina la Kipimo hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi, kwa sababu hakuna asichokipima. Anapima volti, anapima nyaya, anapima hata maji ya chai. Walimtania kwamba siku akizaa, mtoto atawekewa mita ya umeme kwanza ndipo apewe ziwa.

Akashusha macho kwenye rafu ya chini ya kabati.

Amplifaya ya besi, mtambo unaoukuza muziki kabla haujafika kwenye spika, haikuwa ile ya siku zote, yenye uso uliochubuka. Ilikuwa nyingine, nyeusi, safi. Papo hapo akaikumbuka Alhamisi asubuhi, karakanani kwao, yeye kichwa kimezama ndani ya boksi la spika akichomea waya kwa risasi, na sauti ya Ngurumo nyuma yake: "Feni ya amplifaya ya besi imekufa. Nimeweka ile nyingine. Uipime basi, mama vipimo." Na yeye, bila hata kutoa kichwa, alijibu, "Sawa."

Sawa! Neno jepesi kuliko yote duniani. Akaendelea kuchomea waya wake, na jioni akafungua mipangilio ya zamani, akaifunga kwa namba ya siri, akaenda kulala kwa amani. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na huyu aliyepima cha kila mtu alisahau kupima cha kwake.

Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani, hata hakuitaka. Amplifaya ya zamani ilikuza mara ishirini kila kilichoingia. Hii inakuza mara arobaini. Limita aliipangia ile ya ishirini. Volti zimekuwa mara mbili, na volti zikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa saa nzima na nusu, spika mbili kubwa za besi zilikuwa zinalishwa hadi karibu mara nne ya chakula chake, na limita ilikuwa haioni kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeidanganya.

Kisha akasikia harufu. Fundi yeyote wa sauti anaijua: gundi na shaba vinapoungua pamoja, harufu tamu inayokereketa koo.

Akasogeza pazia kwa kidole. Spika ya besi ya kulia ilikuwa pale chini, mbele ya jukwaa, boksi kubwa kama kabati la nguo lililolazwa. Kutoka kwenye tundu lake la chini ulikuwa unatoka moshi, uzi mmoja mwembamba. Na mbele ya tundu lile, kiti kimeegemezwa kabisa kwenye boksi, alikaa shangazi yao.

Huyu ndiye aliyewalea Kipimo na Ngurumo tangu wakiwa wadogo, baada ya wazazi wao kufariki. Masikio yake yalikuwa yamekwisha, yamebaki ya kuvalia hereni, kama alivyosema mwenyewe. Kwa hiyo kila sherehe aliyopelekwa alitafuta spika ya besi akaipa mgongo. "Nyinyi mnasikia kwa masikio," alisema, "mimi nasikia kwa mgongo." Siku hiyo hakuna ambaye angemhamisha, kwa maana binti yake wa mwisho alikuwa miongoni mwa wauguzi wale.

Kipimo akaizima amplifaya ya besi. Besi ikakatika ukumbini, zikabaki spika ndogo za juu zikilia sauti nyembamba. Lakini umeme kukatika si moto kuzimika. Ndani ya maboksi yale kuna sponji ya kuzuia mwangwi, na sponji ikishashika cheche haimsubiri fundi. Uzi wa moshi haukukoma. Ukanenepa.

Akatazama milango. Ilikuwa miwili, yote nyuma kabisa, na mmoja ulikuwa umerundikiwa viti vya ziada. Watu mia sita, watoto, wazee, majoho marefu ya kukanyagana, mlango mmoja. Mtu mmoja akipiga kelele ya "moto," watakaouawa na moto watakuwa wachache kuliko watakaouawa na miguu. Aliwaona tayari wamelaliana mlangoni. Aliwaona vizuri mno.

Ng'ambo ya ukumbi, kwenye meza ya sauti, Ngurumo alikuwa amenyanyua kichwa kumtafuta aliyeiua besi yake. Macho yakakutana. Kipimo akashika pua. Hiyo ni ishara yao ya kazini, haina maana kwa mtu mwingine: kuna kitu kinaungua. Ngurumo akaganda. Kipimo akaonyesha kwa kidole, chini chini, ukutani karibu na mlango, mahali mtungi wa kuzimia moto ulipotundikwa. Kaka mtu akaacha meza.

Kipimo akapanda jukwaani. Katika maisha yake hakuwahi kushika maiki mbele ya watu isipokuwa kusema "moja, mbili." Akamnyang'anya mshereheshaji ya kwake katikati ya sentensi. Sauti iliyotoka hakuitambua kuwa ni yake.

"Samahanini, wageni wetu. Mpiga picha anasema mwanga wa nje sasa hivi ni mzuri sana. Tunaomba ukumbi mzima utoke kwa picha ya pamoja. Wahitimu na familia zao. Twendeni taratibu, mlango wa kushoto. Wale wa nyuma watangulie."

Ukumbi ukachangamka. Picha! Nani hataki picha? Watu wakainuka wakicheka, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu mtu anayekimbia moto hukimbia, lakini mtu anayekwenda kupigwa picha hujitengeneza. Mmoja alisimama kumfunga mtoto vifungo. Mwingine alitoa kioo kwenye mkoba akajipaka rangi ya mdomo, polepole, mdomo wa juu, mdomo wa chini. Mzee mmoja alirudi kwenye kiti alichotoka kufuata kofia yake. Kipimo alitamani kuwatimua kwa fimbo. Akatabasamu mpaka mashavu yakauma, akasema tena kwenye maiki, "Twendeni, twendeni, jua halingoji mtu."

Kwenye mlango, Ngurumo alikuwa ameshaufikia mtungi, lakini sasa alikuwa anapanda mto dhidi ya mkondo. Watu walimjia usoni kama mafuriko. Aliushika mtungi chini, ameufunika kwa koti lake wasiuone, akisema "samahani, samahani."

Na hapo shangazi akageuka.

Mgongo wake ulikuwa umeacha kusikia. Aliweka kiganja juu ya boksi kulipapasa, akakiondoa haraka. Akainama, akaliona tundu, akauona moshi. Akanyanyua uso kumtafuta Kipimo, na mdomo ukaanza kufunguka.

Shangazi hakuwa na sauti ndogo. Mtu asiyejisikia hajui kunong'ona. Akikuomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu anakuletea. Neno moja kutoka kinywa kile, na kazi yote ya picha ingegeuka msiba mlangoni.

Akaweka kidole midomoni. Akamtazama shangazi yake kwa macho tu, akitikisa kichwa, akimwomba Mungu.

Shangazi akautazama mlango uliojaa watu. Akatazama watoto. Akafunga mdomo.

Kisha akafanya jambo ambalo Kipimo hakumwomba, na asingethubutu kumwomba. Akavuta kiti chake, akakirudisha pale pale mbele ya tundu, akakaa. Akautandaza mtandio wake magotini mpaka sakafuni, akachukua karatasi ya ratiba akaanza kujipepea, kwa madaha, kama bibi aliyezidiwa na joto. Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya miguu yake naye anaupepea utawanyike. Kila aliyepita akamwita, alimpungia mkono: tangulieni, mimi nakuja, miguu ya wazee hii.

"Shangazi, toka," Kipimo alisema bila sauti, kwa midomo. "Toka hapo!"

Shangazi akageuza uso upande mwingine, makusudi, asiione midomo yake.

Hiyo ndiyo ikawa hofu kubwa kuliko zote. Kumfuata na kumvuta ni kufunua moshi. Kuimwagia spika maji mbele ya watu ni sawa na kupiga kengele. Kumwacha ni kumwacha. Kipimo alisimama na maiki mkononi, akitabasamu kwa watu, akihesabu vichwa vilivyobaki: mia mbili, mia na hamsini. Ndani ya boksi kikasikika kitu kikipasuka, kidogo, kama kuni mbichi. Mtandio ukaanza kubadilika rangi ukingoni. Shangazi akakohoa, akajifuta machozi, akatabasamu tena kwa mama aliyekuwa akipita na kichanga mgongoni.

Walipobaki kama arobaini, tena karibu na mlango, Ngurumo akaukata mkondo, akaja mbio. Kipimo aliruka kutoka jukwaani, akamkumbatia shangazi, akambeba pamoja na kiti chake. Nyuma yao boksi likatema ulimi wa moto, na mtungi ukaunguruma, ukumbi ukajaa unga mweupe.

Nje jua lilikuwa kali kweli. Mpiga picha wa watu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alikuwa amesimama juu ya ngazi akipanga safu. Hakuna aliyekanyagwa. Hakuna hata aliyejua, hadi pale unga mweupe ulipoanza kutoka madirishani na minong'ono ikaanza kupita.

Msimamizi wa ukumbi akaja amekunja uso, akitafuta wa kumshika shati. Ngurumo akamtangulia.

"Ni mimi," alisema, unga umemjaa kwenye nyusi. "Mimi ndiye niliyebadilisha mtambo, na mimi ndiye niliyefungulia sana. Huyu dada yangu ndiye aliyewaokoa."

Waliokuwa karibu wakampigia Kipimo makofi. Mshereheshaji akamshika mkono. Kipimo akasimama pale akipokea, na kila kofi likamwingia kama sindano. Ilikuwa rahisi mno. Angenyamaza tu, basi, na Ngurumo angebeba, na Ngurumo asingejua hata kwamba anabeba cha mwenziwe. Alishalisahau lile "sawa" zamani, kama alilisikia. Hofu ya moto ilikuwa imekwisha. Akashangaa kuona hii nyingine ni kubwa kuliko ile.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi, binti yake muuguzi amepiga magoti na joho lake akimwosha kiganja kwa maji ya chupa. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Vigimbi vya miguu vilikuwa vyekundu.

Kipimo akachuchumaa mbele yake. Akasema polepole, "Shangazi, ni kosa langu."

"Eh?"

Akasogea hadi sikioni. "Kosa ni langu, shangazi. Sikupima."

Shangazi akarudisha kichwa nyuma, akamtazama uso ulivyokunjamana, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akamtazama tena.

"Usininong'oneze, mwanangu, unajua sisikii!" alisema kwa sauti yake ile, na ua mzima ukamsikia. "Unalia nini? Sema kwa nguvu!"

Safu za picha zikageuka. Ngurumo naye akageuka. Kipimo akasimama, akavuta pumzi, akasema kwa nguvu.