Kasia la Mwita

Mwita alitupiga kwa kasia. Naandika hili wazi, maana magazeti yalimwita shujaa. Meli ya utafiti tuliyoipanda hapa Durban kwenda Bara la Barafu ilipasuliwa na barafu hukohuko. Nahodha alizama nayo, na Mwita, msimamizi wa sisi mabaharia, akawa mkubwa wetu ndani ya boti ya mpira. Kwa baridi ya kule anayelala haamki. Ukisinzia tu, kasia linakushukia mgongoni, mdomoni, popote. Mimi nilipoteza meno ya mbele. Niyongabo, mpishi wetu Mrundi, alivunjwa pua. Nilimchukia Mwita, na bado namchukia, ingawa napumua kwa sababu yake.

Ndani ya boti alikufa mmoja tu: Dominiki, mdogo wake tumbo moja. Mama yao anauza mitumba soko la Warwick, na tangu turudi alikuwa hajamsemesha Mwita hata neno. Jumapili ya kumaliza matanga alituita wote kwenye fleti yake, mtaa wa Greyville. Mwita alikuja amenyoa. Alitaka kitu kimoja tu: mama amwambie bado ni mwanawe.

Mama alinishika taya, akatazama mapengo. Akamgusa Niyongabo pua. Macho yakamwiva kwa hasira.

"Ndivyo ulivyowapiga watoto wa watu?" alimwuliza Mwita. "Na mdogo wako ulimpiga hivi hivi? Alikufa na maumivu ya mkono wako?"

Niyongabo, mwenye huruma kuliko akili, akarukia kumtetea.

"Eish, hapana, maman! Dominiki, Mwita hakumupiga hata mara moja. Alisema, muache petit, mudogo wangu, apumzike kidogo. Akamufunika na blanketi yake mwenyewe. Dominiki alilala muzuri tu."

Mwita alifumba macho. Mama alitutazama mmoja mmoja, sisi wenye makovu, akarudi kwa mwanawe.

"Wa wenzio uliwapiga, wako hai," alisema taratibu. "Wangu ukambembeleza."

"Mama, nilimhurumia. Alikuwa analia."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sasa mbona ninayelia ni mimi?"

Alitupakulia wali na nyama, akaanza na mimi, akaniambia, "Kula, baba." Sahani ya Mwita haikuwepo. Kisha akafungua mlango, akausimamia mpaka Mwita akatoka.