Injini Isiyodondosha Oili

Cyprian alikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo lililomponza. Fundi mbovu angeogopa. Yeye alikwisha kutangaza mbele ya gereji yake pale Tumati kwamba gari la Mwalimu Akonaay halitadondosha tena hata tone moja, na mtu aliyetangaza hivyo haogopi.

Lilikuwa gari la zamani la mgongo wa kobe, injini nyuma, halina rejeta wala maji, linapozwa na upepo tu. Lilivuja vibaya. Kila Jumapili liliacha dimbwi jeusi kwenye uwanja wa kanisa, na waumini wakamtania Mwalimu kwamba gari lake nalo linatoa sadaka.

Cyprian akaishusha injini. Kazi aliijua. Mwili wa injini ile ni vipande viwili vinavyofunikana kama haragwe, bila gasketi ya kuziba katikati. Unasafisha nyuso zake kwa petroli mpaka zikauke, unapaka gundi nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake, kisha unakaza boliti kidogo kidogo kuanzia katikati. Mirija ya pembeni unaivuta kwanza irefuke, ili ikibanwa ikae sawasawa. Yote aliyafanya, isipokuwa moja. Kwenye gundi alijiambia, acha niongeze. Akaminya tyubu nzima ya gundi nyekundu, akaisiliba kama mtu anayekandika nyumba. Iliyobubujika nje akaifuta vizuri. Ya ndani hakuna aliyeiona.

Haikuvuja. Akatandika boksi jeupe chini ya injini kutwa nzima, akaita watu waje kuangalia. Boksi likabaki jeupe, na kichwa cha Cyprian kikavimba mpaka ikawa kero kukaa naye.

Wiki tatu baadaye Mwalimu alikuwa njiani kwenda Gendabi kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Injini ikanoki mlimani, ikakwama kabisa, na gari likarudi Tumati likivutwa kwa kamba na lori la mahindi. Watu wakajaa. Kabla hajashika spana, kabla hata hajainama kutazama, Cyprian aliuliza kwa sauti ya kusikika:

"Mwalimu, oili ulipima kweli?"

Mzee alisimama akiwaza. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na siku za karibuni majina ya watu yalikuwa yanamponyoka.

"Nilidhani nilipima," alisema. "Sijui. Labda nilisahau."

Binti yake Judica, muuguzi wa zahanati, alimtazama baba yake kwa namna ambayo Cyprian aliiona na kuielewa vizuri sana. Akaenda kufungua kamba ya lori.

Jumanne alifungua injini. Ilitoka oili lita mbili na nusu kamili, haikupungua chochote. Na chujio la chini, lile ambalo oili hulipitia kabla ya kupanda juu, lilikuwa limezibwa kabisa na nyuzi nyekundu za gundi yake mwenyewe. Cyprian alikaa kwenye tairi, masikio yanawaka moto. Mtu aliyemfundisha kusoma amejiita msahaulifu mbele ya watu wote, na aliyemsukuma ni yeye.

Ungefikiri alikimbia kwenda kusema. Hakwenda. Alilifunika chujio kwa gunia, akajikausha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila akijiandaa kwenda, anajitafutia spana ya kusafisha. Tuseme ukweli, alilionea uchungu jina lake, na mzee wa watu akaachiwa mzigo.

Jumatatu Mwalimu alikuja mwenyewe, ameshikwa mkono na Judica. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Cyprian, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana. Nimekuja kukuomba msamaha, nimeharibu kazi yako nzuri. Jana kanisani nilisimama nikawaambia watu wasikuseme vibaya, kosa ni langu."

"Na nyumbani tumekubaliana gari liuzwe," Judica aliongeza taratibu. "Baba asiendeshe tena, wala asitoke peke yake. Tunaogopa, kaka Cyprian. Juzi kasahau oili, kesho atasahau moto jikoni."

Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtoto anayesemwa. Hapo Cyprian alishindwa. Aliingia stoo, akarudi na chujio, akaliweka juu ya meza mbele ya wote.

"Mwalimu, oili ilikuwemo yote. Ulipima. Hii ni gundi yangu. Nilipaka nyingi kwa sababu nilitaka sifa."

Mzee alivaa miwani, akaokota uzi mmoja mwekundu, akauzungusha kidoleni.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Mwalimu akahesabu siku kwa vidole, polepole, bila kukosea hata moja. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nilipima, Judica. Asubuhi ile nilipima."

Judica akaanza kulia. Mzee akatoa daftari dogo mfukoni mwa koti, akampa Cyprian.

"Tangu siku ile naandika kila kitu," alisema. "Soma. Kwa sauti."

Ulikuwa mwandiko uleule wa ubaoni, sasa umepinda. Cyprian akasoma.

"Mjukuu wa kwanza ni Evelyne. Wa pili ni Kelvin. Mke wangu marehemu aliitwa Zita. Chai nimekunywa. Dawa nimekunywa. Mlango nimefunga."

Akafika mstari wa mwisho, akashusha daftari.

"Malizia," alisema Mwalimu.

"Jumatatu, kwenda kwa Cyprian kumwomba msamaha. Nisisahau."

Wateja waliinuka, wakaenda kusimama nje.