Picha Haitoki

Mlinzi aliumwaga mkoba wa fundi cherehani sakafuni, kwenye mlango wa chumba cha kusomea cha hifadhi ya nyaraka za mkoa, akauchambua kwa ncha ya kiatu. Mkasi akausukuma pembeni. Futi ya kupimia nguo akaizungusha kidoleni, kisha akaitia mfukoni mwake.

"Hiyo nayo itamdhuru nani, kaka?"

"Mama, umekuja kusoma au kushona?"

Fundi akainama kuokota vitu vyake. Mwenye nguvu mpishe.

Tangu utotoni ameitwa mtoto wa mwizi. Baba yake aliuawa siku wapasua mawe walipogoma, na mji mzima ukaambiwa kwamba alipigwa risasi akikimbia na mali ya machimbo. Mwili haukurudishwa nyumbani. Sasa mama yake yu mahututi, na kila akipata fahamu huuliza lilelile: mume wangu aliiba, au hakuiba?

Mtunza nyaraka, mwanamume mpole wa tai, alimvisha glavu nyeupe na kumwekea mezani bahasha yenye picha ya siku ya mgomo. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuitazama. Kazi yake ni kupanga.

"Tazama tu, dada yangu. Picha haitoki wala hainakiliwi."

Fundi alimtambua baba kwa kiraka cha begani. Mama yake alishona vile hadi alipougua, nyuzi mbilimbili, kama anayeogopa nguo itamtoroka. Baba alilala ubavu juu ya kokoto, macho wazi, mikono imefungwa nyuma kwa waya. Juu ya kiraka kulikuwa na kiatu cha kijana mwenye bunduki, anacheka. Fundi akainua uso. Kijana yuleyule, sasa mzee mnene, alikuwa ukutani ndani ya fremu: mheshimiwa aliyekijenga chumba hiki.

"Kaka," alisema, "mtu aliyefungwa mikono anakimbiaje?"

Mtunza nyaraka akainama, akatazama mezani, akatazama ukutani. Jasho likamtoka.

"Rudisha."

"Nipeni nakala mama yangu aione kabla hajafumba macho."

"Nimesema rudisha! Mimi nina watoto."

"Na huyu hakuwa na watoto?"

Hakuiachia. Rungu la mlinzi likatua kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Kisha akamshika kisogo na kumbamiza uso mezani, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ya pua ikamwagika juu ya baba.

"Picha! Angalia picha, mpumbavu wewe!" alipiga kelele mtunza nyaraka.

Akanyakua kitambaa kibichi cha kufutia meza, akasugua. Picha ilikuwa kuukuu, ikalainika. Uso ukatoka, ikatoka mikono na waya wake, vyote vikabaki kitambaani pamoja na damu. Kiatu hakikutoka.

"Umeharibu mali ya umma," alimwambia, akiinyoosha tai yake.

Mlinzi alitoa futi mfukoni. Akaivuta mikono ya fundi nyuma, mzima na uliovunjika, akaifunga na kukaza mpaka namba zikazama kwenye nyama. Fundi alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia humu watu wanasoma. Mlinzi akamwinua kwa kola, akamsukuma hadi mlango wa barabarani, akaufungua.

"Haya," akamwambia sikioni, "kimbia."