Kulwa na Doto wa Darubini

Mwalimu Prudencia alikuwa ameeleza jambo lile lile mara nyingi hadi akachoka na sauti yake mwenyewe. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeiletea shule ya wazazi pale Buswelu kamera mbili za kisasa, zisizotumia filamu, za kufungwa kwenye darubini na kupiga picha za nyota. Sharti lilikuwa wazijaribu zote, wachague moja ibaki, na nyingine ivushwe ziwa kwenda shule ya Sengerema. Bila kamera, klabu ya nyota aliyoihangaikia miaka yote ile ingekufa. Alizijaribu, akachagua, na sasa ilibaki bodi ya shule kusema ndiyo tu. Lakini bodi yenyewe sasa!

Balaa lilianza na majina. Mahali pa filamu, kila kamera ilikuwa na kipande cha silikoni cha kupokea mwanga, na vipande hivyo viliitwa kwa herufi: kimoja CCD, kingine CMOS. Kikao cha kwanza kilifia kwenye herufi hizo. Mwenyekiti, mzee Luhaga, mfanyabiashara wa sangara aliyenawiri tangu serikali iruhusu biashara huria, alizikoroga mpaka mwisho akasema "hiyo ya huku" na "hiyo ya kule". Prudencia akaenda nyumbani kutunga majina ya Kiswahili, akarudi na kihisi-pokezi na kihisi-tawanyo. Bodi ikamtazama kana kwamba ametukana. Basi, kwa hasira tu, akasema, "Haya, hii ni Kulwa na hii ni Doto!" Wakacheka, wakapiga makofi, na tangu hapo hakuna aliyekosea. Yeye Mhaya wa Bukoba alijua kwamba Wasukuma huwaita pacha wao hivyo, akaona inatosha.

Siku ya uamuzi aliweka mezani picha mbili za wingu la gesi lililo katika kundi la nyota la Orioni, zilizopigwa jioni moja kwa darubini ile ile. Ya Kulwa ilionyesha wingu laini na nyota chache. Ya Doto ilijaa vidoa kila mahali.

"Mimi nachukua Doto," alisema Mama Akelo, mjumbe wa bodi, mama wa Kijaluo asiyejua kusita. "Ana nyota nyingi."

"Si nyota hizo, mama. Ni uchafu wa umeme wa kamera yenyewe."

"Mbona zinang'aa?"

Prudencia akavuta pumzi. Akaeleza kwamba kwa Kulwa, mwanga ukishageuka umeme, hupokezanwa kama ndoo za maji kwenye mstari hadi kwa mpimaji mmoja. Kwa Doto kila mwenye ndoo anajipimia. Ndiyo maana Doto ana haraka na hamalizi betri, lakini wapimaji ni wengi na kila mmoja ana kosa lake. Mchana makosa hayo hudhuru kidogo tu, ila kwa mwanga hafifu wa nyota makosa yanaumeza mwanga wote. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, bila kuelewa neno. Uvumilivu ukamwishia. Akaichukua Doto, akaiziba kwa kifuniko chake, akapiga picha pale pale na kuifungua kwenye kompyuta ya ofisi. Vidoa vikatokea vile vile.

"Nyota gani hizi, mama, zinazoota ndani ya kifuniko?"

Mama Akelo alicheka hadi akajifuta machozi. "Umetushinda, mwalimu. Kulwa ndiye."

Moyo wa Prudencia ukatua. Mzee Luhaga peke yake hakucheka.

"Binti yangu, tumekuelewa. Kulwa anaona, Doto haoni. Sasa unataka tubaki na anayeona, asiyeona tumtupe ng'ambo?"

"Si kumtupa, mzee. Ni kamera hizi."

"Wewe ndiye uliyetuambia ni pacha. Mimi ninao pacha nyumbani. Nikimnunulia mmoja viatu, namnunulia na mwenzake, hata kama vyake havijachakaa. Leo nikubali kuwatenganisha hawa, nikirudi nimwambie nini mama yao?"

"Basi tubadilishe majina, mzee!"

"Yameshaitwa."

Prudencia akamgeukia Mama Akelo, na Mama Akelo akatazama meza. "Hata kwetu Rorya pacha ni jambo zito, mwalimu. Hapo umetufunga mikono."

Hasira ilimpanda Prudencia. Akawakumbusha, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwamba sharti linaruhusu moja tu kubaki.

"Kama mbili hazibaki, ziende zote," alisema mzee Luhaga kwa upole kabisa. "Huko watakuwa pamoja."

Mikono ikanyooshwa, kikao kikafungwa, soda zikaletwa. Prudencia aliimaliza yake bila kuisikia ladha.

Siku ya kuvuka, Jovitus, mwalimu wa Sengerema, alimpokea kivukoni akiwa ametanua mikono.

"Zote mbili, dada! Wengine wangeng'ang'ania. Shule yenu ina moyo." Akalikumbatia boksi. "Hebu niambie, kwenye darubini nifunge ipi?"

Prudencia alimchukia kidogo. Angeweza kumtajia yoyote, akamwacha ahangaike na vidoa mwaka mzima.

"Hii," alisema, akimgusa Kulwa. "Nyingine ni ya mchana." Alitaka kumwambia lile wingu linavyotokea, jinsi linavyojaza kioo cha kompyuta pole pole, lakini akalifunga boksi. Akageuka kuwahi kivuko, mikono mitupu, akilia mbele za watu.