Kitako cha Bunduki ya Merle

Wiki tatu kabla ya msimu wa kulungu, Verlyn Tjaden alimpeleka shemeji yake kwa fundi bunduki akamchagulie silaha. Arlys hakuwa ameomba kupelekwa. Alichosema, kanisani baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi, ni kwamba mwaka huu angesimama kwenye kona ya Merle. Verlyn, ambaye ni mdogo wake Merle, alimaliza kahawa yake, kisha akasema Jumanne wataenda kwa Orrin.

Merle, mumewe Arlys, alizikwa mwezi Machi. Kwa miaka thelathini na mmoja Arlys ndiye aliyewapikia chili wawindaji wa ukoo, sufuria kubwa ya maharage na nyama ya kusaga, na mikate ya mdalasini pembeni, akaipeleka saa sita mchana kwenye banda la Verlyn. Kazi ya wanaume aliijua bila kuifanya. Wenye miguu mizuri, wasukumaji, walipita kwenye miti ya kando ya kijito wakipiga kelele, kulungu wakatoka mbio kuelekea mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na wenye shabaha walisimama konani wakiwangoja. Kona ya Merle ilikuwa pale uzio unapokutana na mtaro. Kabla yake ilikuwa ya baba yake.

Orrin Haase alikuwa mzee mwenye mikono myeusi kwa mafuta ya bunduki. Alimwekea Arlys mezani bunduki ndogo ya marisau, nyepesi, inayojipakia yenyewe, akamwambia kwamba ikitiwa risasi moja nene inamwangusha kulungu vizuri tu, na bega halitalalamika. Arlys aliinyanyua. Ilimkaa sawasawa, hilo hakuweza kulikana.

"Chukua hiyo, shemeji," alisema Verlyn. "Ya Merle nitaitundika ukutani kwangu. Baba aliinunua kwa jasho lake. Haifai itoke kwa akina Tjaden."

"Na mimi ni nani?"

Verlyn akacheka kidogo. "Wewe ni Tjaden wa chili."

Arlys alitoka hadi kwenye gari, akarudi na bunduki ya Merle ndani ya mfuko wake wa turubai. Orrin akamwambia aegemeze kitako kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa, anyooshe kidole. Kidole kiliishia upana wa vidole viwili kabla ya kufika kwenye kifyatulio. Orrin alieleza taratibu kwamba bunduki ndefu kuliko mkono wa mtu haikai begani, inakaa popote inapotaka, na risasi huenda mbinguni. Hakuhitaji kueleza. Juma lililopita Arlys aliipeleka nyuma ya ghala, akatundika sahani ya bati ya kuokea pai kwenye nguzo, akapiga mara tatu. Sahani haikuguswa. Yeye alibaki na alama nyeusi chini ya mfupa wa bega, na hakumwonyesha mtu.

"Unaona?" alisema Verlyn. "Bunduki yenyewe inakukataa."

Njiani kurudi ni Verlyn tu aliyezungumza. Ile ndogo wangeifuata Ijumaa, na kwa mwaka wa kwanza ni afadhali Arlys atembee na wasukumaji, aone mambo yanavyokwenda. Arlys alitazama mashamba.

Desemba iliyotangulia Merle hakuweza tena kutembea, kwa hiyo Arlys alimpeleka kwa gari hadi konani, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, na yeye akapiga magoti majanini kando yake. Kulungu jike alipotokea, Merle alimnong'oneza amwache apite, kwani dume hufuata nyuma. Na dume kweli alifuata. Merle akajaribu kunyanyua bunduki, mtutu ukapanda hadi magotini na kushuka. Dume akaruka mtaro, akaenda zake. Merle aliilaza bunduki mapajani. Kisha akasema, "Mwakani, wewe."

Hayo Arlys hakuwahi kumwambia Verlyn wala mtu mwingine. Kama angewaambia, wangemwachia kona siku hiyo hiyo, na angesimama pale kwa ruhusa ya marehemu. Hakutaka ruhusa.

Kesho yake alirudi kwa Orrin peke yake, akaweka bunduki ya Merle mezani.

"Kikate hiki kitako."

Orrin alivua miwani. Akasema angeweza kumchongea kitako kingine, hiki cha zamani kikahifadhiwa. Arlys akageuza bunduki ubavu, akamwonyesha mahali ambapo rangi ya mbao ilikuwa imefutika kwa miaka ya shavu la Merle.

"Hapa ndipo nitakapoweka langu. Kata kwa nyuma."

"Mbao ikishakatwa hairudi, mama. Watu watasema nimeiharibu."

"Waambie ni mimi."

Msumeno ulichukua dakika chache. Orrin alifunga mpira mpya nyuma, na kile kipande kilichokatwa, kipana kama kiganja, Arlys alikitia mfukoni mwa koti. Jioni ile sahani ya pai ilipata tundu la kwanza. Kufikia Jumamosi ya kwanza ya msimu haikufaa tena kuokea chochote.

Asubuhi hiyo wanaume walikuwa bandani kwa Verlyn, fulana zao za rangi ya machungwa zimefungwa, wakinywa kahawa. Verlyn alipoiona bunduki mkononi mwa shemeji yake alitua kikombe mezani. Alipitisha kidole kwenye mpira mpya.

"Umeikata bunduki ya baba."

"Nimeikata yangu." Arlys akatoa kile kipande cha mbao, akakiweka mezani kando ya kikombe chake. "Ulisema isitoke kwa akina Tjaden. Fungu lako hilo, shemeji. Kitundike ukutani."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Arlys akatoka, akavuka shamba akikanyaga mabua yaliyoganda, hadi konani. Hakuna aliyemfuata.

Kelele za wasukumaji zilianzia mbali, kijitoni. Jike alitokea kwanza, masikio wima. Arlys alimwacha apite. Akahesabu pumzi zake, akaweka shavu pale palipofutika rangi, na dume alipofika ukingoni mwa mtaro bunduki ilikuwa imekwisha kukaa begani yenyewe.

Verlyn ndiye aliyefika wa kwanza. Alimtazama dume aliyeanguka, akatazama umbali, akashika pembe moja, Arlys akashika ya pili, wakamburuta pamoja hadi kwenye gari. Hapo ndipo Verlyn alipoangalia saa yake.

"Shemeji, chili iko wapi?"

"Sikupika."

Mchana ule Verlyn alikwenda mwenyewe kituo cha mafuta kununua piza. Ilifika imepoa. Arlys alikula vipande vitatu, bunduki ikiwa magotini.