Constantin Mwape Hayupo Hapa

Mwaka ule wa 1992, Wakasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, Mkasai akiulizwa jina mjini Lubumbashi alifikiri kwanza. Gérard, mwalimu wa hesabu, alifikiri kupita kiasi: kwa daktari alijiandikisha Constantin Mwape, jina la Kibemba, ambalo halikumfukuzisha mtu. Hata mkewe Kapinga hakumwambia, wala jina wala ugonjwa.

Alikuwa anatokwa na damu chooni tangu Pasaka. Daktari Casimir, wa chuo kikuu kule Kasapa, alimchungulia utumbo, akakata kipande kidogo, kisha akamtoa damu vichupa vitatu.

"Docteur, damu yote hii iko ya nini?"

"Ya kutafuta protini, papa. Mwili ukiumia, kinga inazituma ziite askari. Kidonda kikipona, zinanyamaza. Lakini utumbo wenye kuvimba miaka mingi, hazinyamaze. Zinaita, zinaita, mwisho zinalisha kansa."

Maneno matamu hayo, Gérard alijisemea. Na lile daftari, majina upande huu na namba upande ule? Siku zile kila mwenye kalamu alikuwa anaandika majina ya watu. Hakurudi kuchukua majibu.

Mwezi haukuisha, vijana wenye kufukuza Wakasai wakachoma nyumba ya Gérard. Yeye na Kapinga wakaenda stesheni kungoja treni ya Kasai pamoja na maelfu ya wenzao, wakilala juu ya mizigo.

Siku treni ilipofika, Casimir alitokea katikati ya watu, amevaa koti lake jeupe, daftari mkononi. Gérard alimwona kwanza. Wamemfuata mpaka hapa! Akajitupa nyuma ya magodoro, akajifunika kitenge gubigubi.

"Mama, unajua Constantin Mwape?" daktari alimuuliza Kapinga.

"Docteur, huku ni Bakasai tu. Mwape atafanya nini hapa?"

Kisha honi ya treni ikameza maneno mengine yote, Gérard asiyasikie.

Mji ulikuwa umebaki nyuma kabisa Kapinga alipoanza kusimulia.

"Ule docteur alinitia huruma. Anatafuta mugonjwa wake. Kile kipande kiko na kansa, protini ziko juu sana, lakini iko kidogo bado. Bakimupasua hii wiki, atapona. Alishapata na wa kumupasua bure." Akatikisa kichwa. "Anasema ule muntu anasema kama siye Bakasai, njo maana alikuja huku. Maskini. Sijui iko wapi."

Gérard alitazama nje, reli zikikimbilia nyuma.

"Ni mimi," alisema.

Kapinga hakuelewa. Ilibidi arudie.